Pesa ya televisheni: inalisha Linafoot, inalisha Chui, ama inalisha wengine?

Mwana_Katuba (mwenye uzi)

Wandugu, kila Chui, timu yetu ya taifa ya Kongo, wakishinda mechi kubwa wimbo ni uleule: "Linafoot (ligi yetu kuu) ipate mkataba mnono wa televisheni, halafu mutaona." Novemba 2025 pale Rabat tuliitoa Kamerun 1-0 kwa bao la Mbemba dakika za mwisho, siku tatu baadaye tukaitoa Nijeria kwa penalti, na wimbo ukaanza tena hapa Lubumbashi kutoka Kamalondo mpaka Ruashi. Tuuchambue kwa hesabu.

Naanza na msimamo wangu, mutanipiga mawe baadaye. Pesa ya televisheni hujenga ligi, na ligi yenye pesa inaweza kabisa kuiacha timu ya taifa na njaa yake. Premier League ilianza 1992 na mkataba wa pauni milioni 304 kwa miaka 5, Sky na BBC pamoja. Leo mkataba wa ndani ya Uingereza peke yake, 2025 hadi 2029, ni pauni bilioni 6.7. Na kombe kubwa la timu yao ya wanaume bado ni lile moja la 1966.

Sisi je? 1974 Zaire ilichukua Kombe la Afrika kule Misri, Ndaye Mulamba akafunga mabao 9, na mwaka uleule tukawa timu ya kwanza ya kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Wachezaji wote walikuwa wa klabu za nyumbani. Kipa Kazadi na beki Bwanga Tshimen walikuwa wa klabu ya Mazembe, hapahapa Lubumbashi. Hakuna aliyewalipa kutoka mfuko wa televisheni.

Ruashi77

Mukubwa, umesimulia nusu. Hao Waingereza 2017 walichukua Kombe la Dunia la U17 na la U20 mwaka mmoja, kisha wakafika fainali mbili za Euro mfululizo, ya 2021 na ya 2024. Ilitoka wapi? 2010 ligi iliweka sheria ya wachezaji 8 waliolelewa nchini kati ya 25 wa kikosi. 2012 ukaja mpango wa akademi: madaraja manne, ukaguzi wa nje, na ruzuku inayofuata daraja la akademi yako. Yaani pesa ilikaa miaka 20 bila kufungwa kamba. Ilipofungwa, vijana wakatokea baada ya miaka 5.

Ujerumani ni somo kali zaidi. Euro 2000 walitoka kwenye makundi na pointi moja. Shirikisho na ligi wakasema: klabu isiyo na akademi haipati leseni. Daraja la kwanza 2001, la pili 2002. Mwaka huohuo 2002 kampuni ya Kirch, iliyokuwa inalipia haki za televisheni, ikafilisika. Klabu zikajikuta hazina pesa ya kununua wageni, lakini zina watoto kwenye akademi ambazo zimelazimishwa kuzijenga. Wakawachezesha. 2014 wakawa mabingwa wa dunia.

Kwa hiyo swali langu si mkataba ni wa kiasi gani. Ni ukurasa gani wa mkataba unasema "usipofanya hivi, hulipwi".

Mwana_Katuba

Hapo nakubali nusu. Kirch ilianguka, na ligi ikaendelea kwa sababu viwanja vilijaa na matangazo mengine yalikuwepo. Hapa msimu wa 2022-2023 ulikatika katikati bila hata Kirch wa kuanguka.

Ruashi77

Ufaransa je? Kampuni ya matangazo ya Mediapro iliahidi ligi yao zaidi ya yuro milioni 800 kwa msimu kuanzia 2020. Oktoba 2020 ikashindwa kulipa awamu ya yuro milioni 172, Desemba mkataba ukavunjwa. Amazon ikaja 2021 na milioni 250. Hapo mpira wa Ufaransa ulikufa.

Mama_Ligi

Kaka, klabu ziliumia, timu ya taifa haikufa: 2022 ilicheza fainali ya Kombe la Dunia. Klabu za Ufaransa zikikosa pesa ya televisheni huuza vijana, na vijana wakienda kucheza Ujerumani ama Uingereza kila wiki, kocha wa taifa ndiye anayefaidi. Shida ya Mediapro ilikuwa dhamana. Ligi ilikubali ahadi bila benki nyuma yake. Kwa mtu yeyote atakayekaa mezani kuuza Linafoot: dai barua ya dhamana ya benki inayofunika angalau awamu mbili, na uiangalie kabla ya kuangalia jumla ya mkataba.

Sasa mgawanyo, maana hapo watu hudanganyana. Uingereza pesa ya ndani hugawanywa hivi: nusu sawasawa kwa klabu zote 20, robo kwa nafasi kwenye msimamo, robo kwa mara ngapi mechi zako zimeonyeshwa. Msimu wa 2023-2024 bingwa alipata kama pauni milioni 176 na wa mwisho kama milioni 110. Hispania, Real Madrid na Barcelona walijiuzia wenyewe mpaka dekreti ya 2015, wengine wakabaki na makombo. Na Hispania ileile ilishinda 2008, 2010 na 2012! Kwa hiyo mgawanyo wa haki hauleti kombe la taifa. Kazi yake ni kuiweka ligi hai.

Leteni fomula ile hapa muone kinachotokea. Chukua mfano tu: dola milioni 2 kwa mwaka, klabu 16. Nusu sawasawa ni dola 62,500 kwa klabu. Sasa nchi yetu haina barabara ya kumpeleka mchezaji kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa, ni ndege. Weka tiketi ya kwenda na kurudi dola 300, watu 25, ni 7,500 kwa safari moja. Safari 8 ni dola 60,000. Umebaki na 2,500 za msimu mzima. Mishahara? Watoto? Daktari? Mwaka ujao utaambiwa "televisheni haikusaidia kitu", kumbe pesa yote imelala kwenye ndege.

Ndiyo maana mimi ningeanza kinyume: safari zitolewe kwenye chungu kabla ya kugawa, ligi inunue tiketi kwa jumla kwa kalenda nzima, na kinachobaki ndicho kigawanywe. Mgawanyo wa kanda, Mashariki na Magharibi, unapunguza safari (Kolwezi unakwenda kwa basi, lami ipo), lakini mnunuzi wa televisheni anapoteza mechi za Mazembe na V.Club ya Kinshasa mpaka play-off. Ligi moja ya klabu 16 inampa mechi 240 zinazojulikana tarehe. Kanda mbili zinampa mechi nyingi ambazo Kinshasa hawazijali.

Mzee_wa_Kenya (Kenya yetu ya Lubumbashi, si ile ya Nairobi)

Munasahau kitu kimoja kinachotuuma kila Jumamosi. Uingereza, mechi za saa 15:00 hazionyeshwi ndani ya nchi yao. Kuanzia 14:45 mpaka 17:15 Jumamosi skrini za mpira wa moja kwa moja zinafungwa, ili watu waende viwanjani, hata kwenye klabu ndogo za daraja la nne. Wanalinda mlango wa uwanja wao. Halafu mechi zilezile wanatuuzia sisi!

Piga hesabu ya saa. Lubumbashi tuko saa 2 mbele ya Greenwich, Kinshasa saa 1. Agosti mpaka mwisho wa Oktoba, saa 15:00 ya London ni 16:00 kwetu. Linafoot inaanza 15:30. Yaani dakika ya 30 ya mechi yako, kila kibanda cha Kenya na Katuba kimewasha dekoda. Baada ya Oktoba wao wanarudisha saa nyuma, 15:00 yao inakuwa 17:00 yetu, lakini ile mechi yao ya 12:30 inaangukia 14:30 yetu na inakwisha wakati Linafoot iko karibu mapumziko. Hakuna Jumamosi salama.

Kiingilio kikipungua, klabu inaingia mezani na televisheni ikiwa dhaifu, na uwanja mtupu hauuziki kwenye skrini. Mutu analipa abonema kuona kelele na rangi, si viti.

Pendekezo langu: Ijumaa jioni. Ulaya mechi za Ijumaa ni chache.

Fundi_Kamera

Mzee, Ijumaa jioni ni wazo zuri kwenye karatasi. Tuzungumze taa na umeme.

Viwanja vingi vina taa za zamani za metal halide. Umeme ukikatika sekunde 2 tu, taa hizo haziwaki papo hapo. Balbu lazima ipoe kwanza, dakika 10 mpaka 15. Televisheni ya moja kwa moja haina pa kuzipeleka dakika 15. LED inawaka mara moja, ndiyo sababu wanunuzi wanaiuliza. Kosa la pili ni kufunga kamera na taa kwenye jenereta moja. Taa zinapowashwa zinavuta umeme mwingi kwa pigo moja, voltiji inaanguka, mashine za kuchanganya picha zinajizima na kuwaka upya. Weka jenereta mbili kwa taa, moja ikiwa imewashwa tayari kama akiba, na ya tatu ndogo ya kamera na gari la matangazo tu, pamoja na betri za kushikilia dakika kumi.

Mchana ni rahisi zaidi, ila angalia jua. Kamera kuu ikae jukwaa la magharibi, usawa wa mstari wa kati, juu ya mita 12 hivi, jua likiwa mgongoni mwake alasiri. Ukiiweka mashariki, kuanzia 16:00 unapiga picha ndani ya jua, wachezaji wanakuwa vivuli, na hakuna fundi wa rangi atakayekuokoa. Kamera sita zinatosha kwa ligi: ya jumla, ya karibu pembeni yake, mbili usawa wa mstari wa mita 16 kwa ajili ya kuotea, moja chini kwenye benchi, moja nyuma ya goli. Ukiwa na nne tu, acha ya goli na ya benchi, usiache zile za mita 16. Bao lililokataliwa bila picha ya kuotea ndilo linalovunja viti.

Sasa ishara. Watu wanapenda kile kisanduku chenye laini nne za simu, kwa sababu ni rahisi. Picha ya HD inataka kama megabiti 8 mpaka 10 kwa sekunde, mfululizo. Unajaribu saa 13:00, picha safi kama kioo. Saa 15:45 watu 18,000 wako ndani ya uwanja wa Mazembe, kila mmoja ametoa simu anarekodi, mnara umejaa, picha yako inakatika vipande. Kosa si la kisanduku, ni la aliyejaribu uwanja ukiwa mtupu. Faiba ama satelaiti iwe njia ya kwanza, laini za simu ziwe akiba, na antena zake ziwe juu ya paa zikielekezwa mnara wa mbali, si ule wa jirani na uwanja.

Gharama hizo zikikatwa kwenye mkataba, jumla inayotangazwa redioni siyo inayofika kwa klabu. Uliza kila mara: nani analipia utengenezaji wa picha?

Kivu_Yetu (Goma)

Swali la kamera limejibiwa, mimi narudi kwenye Afrika, maana mifano ya Ulaya inatuchosha.

Afrika Kusini, 2007, kituo cha televisheni cha SuperSport kililipa randi bilioni 1.6 kwa miaka 5. Kwa Afrika ilikuwa pesa ya ajabu. Matokeo ya haraka? Bafana, timu yao ya taifa, walikosa Kombe la Dunia 2014, 2018 na 2022, na la 2010 waliingia kama wenyeji. Mishahara mizuri iliwabakiza vijana nyumbani kabla hawajaiva, na klabu hazikuwa na haraka ya kuwauza. 2014 ikaanzishwa ligi ya akiba, kila klabu kubwa na timu yake ya vijana, mechi zikionyeshwa. Mwaka 2024 kule Abidjan, mechi ya nafasi ya tatu ya Kombe la Afrika: wao na kikosi kilichojaa wachezaji wa klabu yao ya Sundowns, sisi na kikosi kilichojaa Ulaya. 0-0, wakatufunga penalti 6-5. 2025 wakafuzu Kombe la Dunia la 2026. Ni miaka 18 tangu ule mkataba.

Tanzania: 2021 kampuni ya televisheni ya Azam ilisaini miaka 10 kwa shilingi bilioni 225.6. Yanga ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, Simba 2025. Na nani alikuwa anafunga mabao ya Yanga? Fiston Mayele, aliyetoka V.Club. Inonga alikuwa Simba, Baleke akatoka Mazembe akaenda Simba. Kanuni yao inaruhusu wageni 12 kwa klabu. Kwa hiyo mkataba wa Dar es Salaam umekuwa mlango wa kutokea wa Linafoot.

Na Kenya (ile ya Nairobi, mzee) ni onyo: SuperSport iliondoka 2017 baada ya mvutano wa kuongeza klabu kutoka 16 mpaka 18. Mnunuzi hakupenda kubadilishiwa bidhaa mkataba ukiwa njiani.

Mwana_Katuba

Aksanti Kivu. Hapo ndipo nilitaka tufike. Tuangalie Chui wa leo: Wissa, Bakambu, Masuaku walizaliwa Ufaransa, Wan-Bissaka London, Sadiki Brussels. Mbemba alizaliwa Kinshasa akakulia mpira wake mkubwa Anderlecht. Mishahara yao inalipwa na watazamaji wa Ulaya. Timu yetu ya taifa tayari inaishi kwa pesa ya televisheni, ila si ya kwetu. Hata pesa ya FIFA Forward (mpango wa FIFA wa kusaidia mashirikisho), mpaka dola milioni 8 kwa shirikisho kwa kipindi cha 2023-2026, chanzo chake kikubwa ni haki za Kombe la Dunia.

Basi wakati tunasubiri mkataba wa ndoto, kuna tawi la mto huo linalopita mbele ya mlango wetu na hatuna ndoo: asilimia 5 ya mshikamano.

Mama_Ligi

Kabisa, na hesabu yake ni ya kitoto. Mchezaji akiuzwa kimataifa kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei inakatwa kwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 mpaka 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 ni 0.25% ya bei, kila msimu wa 16 hadi 23 ni 0.5%. Kijana aliyekaa kwenu kuanzia msimu wa miaka 14 mpaka wa 19: misimu miwili ya 0.25 ni 0.5, misimu minne ya 0.5 ni 2. Jumla 2.5%. Akiuzwa yuro milioni 10, ni yuro 250,000. Linganisha na ile 62,500 ya mfano wangu. Na akiuzwa tena, mnalipwa tena. Tangu 2020 hata akiuzwa kati ya klabu mbili za Uingereza, klabu ya Lubumbashi ina haki yake.

Fidia ya malezi ni jambo lingine: inalipwa anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje, na viwango vinafuata daraja la klabu inayomchukua kwenye orodha ya FIFA (si daraja la ligi). Klabu ya daraja la pili kwa Ulaya ni yuro 60,000 kwa mwaka wa malezi, ingawa ile miaka ya 12 hadi 15 inahesabiwa kwa kiwango cha chini kabisa, yuro 10,000.

Tangu Novemba 2022 pesa hizi hupitia ofisi ya malipo ya FIFA iliyoko Paris. Uhamisho ukifanyika, mfumo unatengeneza pasi ya mchezaji ya kielektroniki kutoka kwenye usajili wa mashirikisho. Inawekwa wazi siku 10 ili anayejiona ameachwa alalamike na vielelezo. Zikipita, imekwisha. Kisha klabu inakaguliwa: akaunti ya benki kwa jina la klabu (si la rais wala la ndugu yake), hati za usajili, vitambulisho vya wanaomiliki. Ukishindwa hapo, pesa inazuiliwa.

Lushois_wa_Njia

Sasa yaya, mwana anacheza ku centre ya Katuba toka miaka 13, centre haiko affiliée, iko tu na kocha na mipira. Akiuzwa, njo basi? Hakuna kitu?

Mama_Ligi

Njo basi, ndugu yangu. Kituo kisichosajiliwa chini ya shirikisho hakihesabiwi, hata kama kilimlea miaka 7. Misimu isiyo na mwenye kudai haiongezwi kwa klabu nyingine, inaweza kuishia kwa shirikisho.

Dawa yake si ghali. Kituo kijiandikishe kwenye entente (chama cha mpira) ya mjini kama klabu, hata ya daraja la chini kabisa. Kila mtoto kuanzia miaka 12 aombewe namba ya FIFA kwa jina lilelile lililo kwenye cheti cha kuzaliwa. Andika Kabwe ama Kabue, lakini chagua moja na usibadilishe, maana herufi moja inazaa wachezaji wawili kwenye mfumo. Tarehe ya kuanza na ya kumaliza kila msimu iandikwe, na nakala ya leseni ya kila mwaka ihifadhiwe mahali pawili. Akihamia klabu nyingine hapahapa mjini, andikeni barua ya uhamisho hata kama mmekubaliana kwa mdomo. Na asiondoke nchini kusajiliwa ng'ambo kabla ya miaka 18, kanuni inakataza isipokuwa kwa vighairi vichache.

Ruashi77

Na wale waliomchukua na miaka 16 wakabadilisha cheti ili aonekane na 14?

Mama_Ligi

Wamejikata wenyewe. Ukimpunguza miaka 2, misimu yake ya 16 na 17 inasomeka kama ya 14 na 15: badala ya 0.5% kila mmoja mnapata 0.25%. Kwa ile milioni 10 mumepoteza yuro 50,000, kabla hata ya kesi.

Fundi_Kamera

Hiyo pekee inanunua kamera mbili za mita 16.